Pilipili Usiyoila: Barua ya Kuulizia Riwaya ya Mpelelezi Asiye Askari

Katika Kiswahili mtu anayeingilia mambo yasiyomhusu ana majina mengi, na hakuna hata moja lililo la sifa. Huitwa mdaku, mdukuzi, mpekuzi, mwenye kiherehere, mwenye kimbelembele. Na akizidi, huulizwa kwa methali: Pilipili usiyoila yakuwashiani? Walakini mtu wa namna hiyo hiyo, akitiwa katika hadithi ya mauaji na kupewa akili ya kufahamu alichokiona, hugeuka kuwa shujaa wa kitabu, na wasomaji humfuata kutoka kurasa za mwanzo mpaka za mwisho bila ya kumwona kuwa ni mdaku. Mageuzi hayo hayaji yenyewe. Mwandishi ndiye anayeyafanya, na mahali pa kwanza anapotakiwa kuyafanya, kabla kitabu hakijasomwa na mtu ye yote, ni katika barua fupi ya kukitangaza kitabu chake.

Mtu huyo ataitwa hapa mpelelezi asiye askari, ili atengwe na askari kanzu. Askari kanzu hana haja ya kueleza kwa nini anapeleleza. Inspekta Wingo, katika Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla iliyotoka mwaka 1965, ni mtu wa polisi. Simu ikilia, kazi imekuja. Lakini mwanamke mzee wa kijijini, au padre, au mkutubi, akianza kuuliza ni nani aliyemwua jirani yake, lazima msomaji apewe sababu. Jambo hili ndilo linalosahauliwa mno katika barua zinazozungumziwa hapa.

Barua yenyewe inahitaji maelezo machache, maana si desturi ya kwetu. Mwandishi wa Kiswahili amezoea kupeleka mswada wake moja kwa moja kwa mchapishaji, au kuuingiza katika shindano. Huko New York na London mambo huenda kwa njia nyingine. Wachapishaji wakubwa aghalabu hawapokei mswada kutoka mkononi mwa mtunzi. Huupokea kutoka kwa wakala, mtu ambaye kazi yake ni kuwauzia wachapishaji miswada ya watu wengine, na ambaye hupata ujira wake katika fedha za mtunzi, kwa kawaida asilimia 15. Kazi hiyo ni ya zamani kidogo. A. P. Watt aliifanya London katika karne ya 19, na mmoja wa watu waliomtegemea ni Arthur Conan Doyle, aliyembuni Sherlock Holmes. Wakala naye hataki kuletewa mswada mzima kwa mara ya kwanza. Hutaka barua ya ukurasa mmoja, maneno kama 300 hivi, pengine pamoja na kurasa chache za mwanzo wa kitabu. Mtunzi huuliza katika barua hiyo kama wakala angependa kuisoma kazi yake. Ndiyo maana hapa inaitwa barua ya kuulizia. Ikimpendeza, wakala huuomba mswada. Isipompendeza, basi mswada haufunguliwi, hata kama mtunzi aliutolea jasho miaka mitano.

Barua ifuatayo imetungwa kwa ajili ya mjadala huu, wala si ya mtu ye yote. Imefanywa kwa mfano wa barua nyingi wanazopelekewa mawakala wa Marekani, na imetiwa katika Kiswahili ili sarufi yake ionekane wazi.

“Kwa Wakala Mheshimiwa,

“Je, umewahi kujiuliza ungefanya nini kama rafiki yako angeuawa? Katika mji mdogo na mtulivu wa pwani ya Maine hakuna jambo linalotokea, mpaka siku ile. Ruth Calloway, mkutubi mstaafu wa miaka 63, mpenda paka na chai, anajikuta ameingizwa katika fumbo la kutisha pale maiti ya Walter Finch, mwenyekiti wa halmashauri ya maktaba, inapoonekana chini ya ngazi za ghala ya vitabu. Polisi wanasema ni ajali. Ruth hakubali. Washukiwa ni wengi: Edith, mjane wa Walter; Tom Barrow, mvuvi aliyekuwa akimdai fedha; Clara, mkutubi mpya; Mchungaji Dale, mwenye siri yake; na Simon, mtoto wa kaka yake Ruth, ambaye usiku ule aliazima kwa Ruth ufunguo wa maktaba. Ruth anavutwa ndani zaidi na zaidi ya wavu wa uongo, na siri zinafichuliwa moja baada ya moja. Je, ataweza kumjua muuaji kabla ya wakati kumpita? Jibu sitalitaja hapa, utaliona ukisoma.

“Kifo Katika Maktaba ni riwaya ya maneno 142,000, na ni ya kwanza katika mfululizo wa vitabu 12. Itawapendeza wasomaji wa Agatha Christie na wa The Thursday Murder Club. Jamaa zangu wote wameisoma na kuisifu. Sijachapisha kitabu bado. Nimefanya kazi maktabani miaka 26 tu.”

Makosa mengine ya barua hii ni madogo, na yanaweza kusahihishwa kwa dakika kumi. Salamu yake haina jina, na wakala asiyetajwa jina hujua kuwa barua hiyo hiyo imepelekwa kwa watu mia. Swali la mwanzo ni la bure, kwa kuwa mtu aliyeulizwa kama amewahi kujiuliza aweza kujibu kwamba hajawahi, na mazungumzo yakaisha papo hapo. Maneno 142,000 ni mengi mno: riwaya ya upelelezi ya namna hii kwa kawaida huwa kati ya maneno 70,000 na 90,000, na wakala akiona idadi ile hufikiri kwamba mtunzi hajajua kupunguza. Kuahidi vitabu 12 ni kumwuzia mtu ng'ombe kumi na mbili kabla hajamwonja maziwa huyo wa kwanza; inatosha kusema kwamba kitabu hiki kinajitosheleza na kwamba vingine vyaweza kukifuata. Jina la kitabu nalo linakaribiana sana na The Body in the Library, ambacho Agatha Christie alikitoa mwaka 1942, na anayesoma barua za upelelezi kila siku ataliona hilo mara moja.

Hali kadhalika mfano wa kujilinganisha haukuchaguliwa vyema. Wakala hutaka kutajiwa vitabu viwili vitatu vya miaka ya karibuni ili ajue kitabu hiki kitawekwa katika rafu gani na nani atakinunua. Christie alifariki mwaka 1976. Ama The Thursday Murder Club, riwaya ya Richard Osman ya mwaka 2020 juu ya wazee wanaokaa pamoja na kuchunguza mauaji, ni ya karibuni kweli. Lakini mwandishi wake alikuwa mtu wa televisheni aliyejulikana Uingereza nzima, na kitabu chake kiliuzwa kwa kiasi ambacho hakimfundishi wakala lo lote juu ya kitabu cha mtu asiyejulikana. Sifa za jamaa hazina haja ya kujadiliwa.

Kosa kubwa liko kwingine, na njia nyepesi ya kuliona ni kuvifuata vitenzi vya Ruth. Kiswahili kina faida hapa, kwa sababu mnyambuliko wa kitenzi chetu hueleza wazi ni nani mtenda na ni nani mtendwa. Ruth ana vitenzi vitano. Cha kwanza ni anajikuta, ambacho kwa umbo ni cha mtu anayejitendea, lakini kwa maana ni cha mtu asiyetenda kitu: amezinduka, akaona yuko mahali fulani. (Matumizi hayo, kwa kweli, yameingia katika Kiswahili kwa njia ya tafsiri, na wazee wengi wangesema tu kwamba ameingia, au ametahamaki yumo.) Cha pili, ameingizwa, ni cha kufanyiwa. Cha tatu, hakubali, ni cha kukanusha, hueleza asichofanya. Cha nne, anavutwa, ni cha kutendwa tena. Cha tano, ataweza, kimo ndani ya swali, na hata hivyo hakisemi kwamba atafanya bali kwamba huenda akamudu. Mtu ambaye kitabu kizima kinamtegemea hakufanya tendo hata moja katika barua nzima. Tom alimdai Walter. Simon aliazima ufunguo. Maiti yenyewe, kwa namna fulani, ina habari zaidi kuliko Ruth, maana ilionekana mahali panapojulikana.

Wengine watajibu kwamba hili ni jambo la mtindo tu, na kwamba ukivigeuza vitenzi barua itapona. Si hivyo. Mtu akiandika kwamba Ruth anapeleleza, anauliza, anafuatilia, vitenzi vitakuwa vya kutenda, lakini methali itarudi pale pale: pilipili ile yamwashia nini? Vitenzi vya kutendwa katika barua hii ni dalili ya ugonjwa, si ugonjwa wenyewe. Mtunzi amemfanya Ruth avutwe na kuingizwa kwa sababu hakupata, au alipata lakini hakuitambua, sababu ya kumfanya aende kwa miguu yake.

Na sababu hiyo imo ndani ya barua. Imefichwa katika mshukiwa wa tano, mwisho wa sentensi ndefu, ambapo macho ya msomaji yamekwisha kuchoka na majina: Simon aliazima ufunguo kwa Ruth. Jambo hili likiinuliwa kutoka pale na kuwekwa mbele, kila kitu hubadilika. Mtu aliyestaafu hapaswi kuwa na ufunguo wa maktaba. Ruth alikuwa nao, tena alimpa mwingine, usiku ule ule mtu alipokufa ndani. Kwa nini polisi wanasema ni ajali? Labda kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa, nao hawajui kwamba palikuwa na ufunguo mwingine. Kwa nini Ruth hakubali? Kwa sababu yeye anajua. Na kwa nini asiende polisi akasema? Hapo ndipo riwaya ilipo, na barua imepita juu yake bila ya kuiona.

Waandishi waliotangulia walilijua tatizo hili na kila mmoja alilitatua kwa njia yake. Edgar Allan Poe, aliyeanzisha hadithi za namna hii mwaka 1841, alimpa Dupin wake mapenzi ya mafumbo na akaona yatosha. Padre Brown wa G. K. Chesterton, aliyeanza kuonekana mwaka 1910, ni mtu wa dini ambaye kazi yake ni kusikiliza maungamo. Kuyajua maovu ya watu ni sehemu ya wadhifa wake, na anachokitafuta ni roho ya mkosaji kuliko pingu zake. Dorothy L. Sayers alimwanzia Lord Peter Wimsey kama mtu wa nasaba anayejifurahisha, lakini katika Clouds of Witness, mwaka 1926, alimshitaki kaka yake mwenyewe Wimsey kwa kosa la kuua. Na tangu hapo hakuna msomaji awezaye kumwuliza yanamhusu nini. Miss Marple wa Agatha Christie, aliyetokea katika hadithi fupi mwaka 1927 na katika riwaya mwaka 1930, ndiye aliyelijibu swali kwa ushujaa zaidi: yeye ni mdaku hasa, mwanamke wa kijijini anayechungulia dirishani na kuyasikia ya watu, na Christie aliufanya udaku huo kuwa elimu.

Kwetu mfano ulio karibu ni Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alimtoa katika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda shindano la uandishi la mwaka 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960, na akamrudisha katika vitabu vingine, kama Kisima cha Giningi cha mwaka 1968. Kiko chake na namna yake ya kufikiri vimetoka kwa Sherlock Holmes, na rafiki yake Najum amesimama mahali pa Watson. Hilo limesemwa mara nyingi. Lisilosemwa sana ni kwamba Holmes alikuwa na wateja, watu waliopanda ngazi zake wakamletea mashaka yao na ada yao, hali Bwana Msa anakaa katika jamii ambayo lugha yake imekwisha kumtayarishia jina la mdukuzi. Mwandishi wa Kiswahili akitaka kumfuata, na hasa akitaka kumwandikia wakala wa London juu ya mpelelezi wake wa Tanga au wa Lamu, ana neema ambayo Mmarekani hana: methali inamwuliza swali kabla wakala hajaliuliza.

Sasa yafaa kuitazama sehemu ya kati ya barua ikiwa imeandikwa upya, bila ya kuongeza tukio lililo nje ya yale ambayo barua ya kwanza yaliyadokeza:

“Ruth Calloway aliacha kazi ya ukutubi miaka mitatu iliyopita, lakini hakuurudisha ufunguo. Usiku ambao mwenyekiti wa halmashauri ya maktaba alianguka ngazini akafa, ufunguo huo ulikuwa mfukoni mwa Simon, mtoto wa kaka yake, ambaye Ruth alimlea tangu utotoni. Polisi wameandika kuwa ni ajali, kwa sababu mlango ulikutwa umefungwa na hapakuwa na mtu mwingine ndani. Ruth peke yake ndiye ajuaye kwamba palikuwa na ufunguo wa pili. Akisema, atamtia Simon mikononi mwa polisi. Akinyamaza, huenda muuaji akaendelea kukaa katika mji huu huu, na huenda muuaji huyo ndiye anayekula mezani pake kila Jumapili. Basi, kabla ya kuamua kusema au kunyamaza, Ruth anakwenda kumtafuta aliyekuwa maktabani usiku ule.”

Majina saba yamebaki mawili. Mjane, mvuvi, mkutubi mpya na mchungaji hawakuuawa. Wamo kitabuni, na wakala atakutana nao huko. Muuaji hakutajwa, na hilo ni sawa, kwa kuwa mwisho wa hadithi hutolewa katika muhtasari ambao mawakala huuomba mbali, wala barua haina haja ya kujitangaza kwamba imeuficha. Kitenzi cha kutendwa pia kimebaki mahali pamoja: mlango ulikutwa umefungwa. Hapo kinafaa, maana ndivyo polisi wanavyoandika, na ubaridi wa lugha yao unaonyesha jinsi walivyo mbali na ukweli anaoujua Ruth.

Liko jambo moja la kuangaliwa. Riwaya za namna hii, zenye mji mdogo, damu kidogo na mpelelezi mwenye paka, hupendwa kwa wepesi wake, na barua iliyoandikwa upya ina uzito ambao huenda ukamfanya wakala atarajie msiba mkubwa kuliko kitabu kilivyo. Paka na chai havikuwa makosa kwa nafsi zao. Vilikuwa vikieleza kwamba msomaji hatatishwa mno. Walakini havikumtenga Ruth na wenzake, kwa sababu karibu kila barua ya aina hii ina paka. Na mji mtulivu wa pwani ya Maine usiotokea jambo humchekesha Mmarekani, aliyetazama televisheni tangu mwaka 1984 mpaka 1996 jinsi Jessica Fletcher wa Murder, She Wrote alivyokuwa akigundua mauaji katika mji mdogo wa pwani hiyo hiyo, mpaka ikawa mzaha kwamba mji ule hauna usalama. Kama mtunzi anataka wepesi, na autafute katika kitu ambacho ni cha Ruth peke yake: kwa mfano, mkutubi mwangalifu aliyewatoza watu faini miaka yote kwa kuchelewesha vitabu, naye mwenyewe amekaa na ufunguo wa maktaba miaka mitatu. Hapo mtu atatabasamu, na papo hapo ataogopa kidogo.

Imesalia sentensi ya mwisho ya barua, ile ya miaka 26. Mtunzi ameiandika kama mtu anayeomba radhi, na neno linaloomba radhi ni tu. Yamkini aliliweka kwa adabu, kama desturi yetu pia ilivyo ya mtu kujishusha mbele ya asiyemjua. Lakini mtu aliyefanya kazi maktabani miaka 26 anajua ni nani huachiwa funguo na ni nani huzidai, ghala ya vitabu hunukaje wakati wa mvua, ni mlango gani haufungi vizuri mpaka usukumwe kwa bega, na ni wasomaji gani huja kila siku bila ya kuazima kitabu. Katika barua nzima hiyo ndiyo habari pekee ambayo mtunzi mwingine asingeweza kuinakili. Neno tu liondolewe, na jina la kitabu likishabadilishwa, sentensi hiyo ifuate mara baada yake.